Kumsaidia mzee azoee nyumba ya wazee

Wandugu mapadri, waseminari, na ninyi makatekista wa vijiji,

Katika seminari tulifundishwa namna ya kumsindikiza mtu anayezaliwa, anayeoa na anayekufa. Juu ya mzee ambaye hafi bado, lakini anatoka katika nyumba yake na kwenda kumalizia siku zake katika nyumba ya watu wengine, tulifundishwa kidogo sana. Kisha tunafika parokiani, na siku moja mtoto wa mzee anapiga hodi: «Padri, hatumwezi tena. Utusaidie kumpatia nafasi kwa masista.» Ndipo tunaanza kutafuta maneno.

Ninaandika hapa mambo machache niliyojifunza katika kazi yangu Kiwanja, mengine kwa kosa langu mwenyewe. Neno moja ndilo ninalotaka mlishike: mzee anayenyamaza si mzee aliyezoea. Tukichanganya mambo haya mawili, tutawaacha wazee wetu peke yao katikati ya watu, na tutawaza ya kuwa tumefanya vema.

I. JAMBO LENYEWE

Katika desturi ya mababu zetu mzee hakuhama. Watoto walijenga kando yake, wajukuu walilala katika nyumba yake, na moto wake haukuzimika. Mtu akisikia ya kuwa mzee wa fulani analala kwa wageni, alisema: «Huyu hana mtoto.» Neno hilo linauma mpaka leo. Mzee anayepelekwa katika nyumba ya wazee (watu wa mji wanaiita hospisi) anaona haya mbele ya majirani. Watoto wake wanaona haya vilevile, na kwa sababu ya haya wanakawia kumtembelea.

Lakini tuangalie Kiwanja yetu. Mwezi wa Novemba 2008 watu wengi waliuawa hapa kwa siku mbili tu. Mwaka 2012 vita ilirudi, na tena mwaka 2022. Kila mara wenye miguu walikimbia, wengine kwenda Goma, wengine kuvuka mpaka wa Uganda. Mzee asiyeweza kutembea alibebwa juu ya chukudu, ao alibaki ndani ya nyumba na sahani ya viazi na maji kidogo. Jamaa waliporudi walimkuta mzee, lakini jamaa yenyewe haikuwa tena ile: kijana mmoja amekufa, mwingine amebaki Kampala, bibi yake ameolewa pengine. Tuongeze umaskini, mashamba yasiyofikika, na lile neno baya la uchawi: mama mzee mwenye macho mekundu juu ya moshi wa jiko wa miaka mingi anashitakiwa na wajukuu wake mwenyewe. Kwa mzee wa namna hii nyumba ya wazee si aibu. Pengine ndiyo itakayomwokoa.

Wala tusiseme ni mambo ya Wazungu peke yao. Nairobi, upande wa Kasarani, Masista Wadogo wa Maskini wana nyumba inayoitwa kwa Kiswahili kabisa Nyumba ya Wazee. Kule Unguja ziko nyumba za Sebleni na Welezo. Basi tuache kuuliza kama nyumba hizi zinaweza kuwa kwetu. Tuulize namna gani mzee ataingia ndani yake akiwa mtu, asiingie kama mzigo unaoshushwa.

II. JE, NI ZAMBI KUMPELEKA MZAZI?

Watoto wanatuuliza: «Padri, tukimpeleka baba, tunavunja amri ya nne?» Jibu linataka kupambanua.

Bwana Yesu, katika Injili ya Marko sura ya 7, aliwakemea wale waliosema mali yao imekwisha kutolewa kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Hakuwakemea juu ya sadaka. Aliwakemea kwa kuwa waliifanya sadaka kuwa mlango wa kukimbilia. Nyumba ya wazee inaweza kuwa mlango wa namna hiyo. Lakini Bwana yeye mwenyewe, juu ya msalaba, alimkabizi Mama yake kwa mwanafunzi ambaye hakuwa mtoto wa tumbo lake (Yoane 19). Kumkabizi mzazi kwa mikono mingine, basi, si zambi kwa yenyewe.

Ili kupima, tuwaulize watoto maneno matatu. La kwanza: ni kweli hawezi tena kutunzwa nyumbani, ao anasumbua tu? La pili: yeye mwenyewe ameulizwa? La tatu: ni nani atakayemtembelea, na siku gani? Wakikosa jibu la neno la tatu, tusiandike bado barua kwa masista.

Tena wasiwaze ya kuwa deni lao limekwisha. Sheria ya jamaa ya inchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, inawapasa watoto kuwasaidia wazazi wenye shida. Na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika sehemu ya 49, inasema ya kuwa mzee ana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, kadiri ya mahitaji ya mwili wake, ya akili yake na ya roho yake. Kumpeleka mzee si kumtupa. Kumpeleka bila kurudi kumwona, huko ni kumtupa.

III. KOSA LANGU

Katika mwaka wangu wa kwanza wa upadri nilimjua mama mmoja mzee, mjane. Alivunjika mguu wakati wa kukimbia, na mfupa uliunga vibaya. Mjukuu wake, kijana wa miaka 19, ndiye aliyempikia na kumwogesha, na hakuweza tena. Tulipatana watu watatu: mjukuu, mkubwa wa shirika, na mimi. Yule mama hakuwapo katika shauri lile. Juu ya kuogopa machozi yake, tulimwambia: «Unakwenda mjini kutunzwa mguu.» Mimi padri nililisema neno hilo kwa kinywa changu. Tukampandisha gari, safari ya kilomita zaidi ya 70.

Nyumba ilikuwa nzuri. Kitanda kilikuwa na godoro na mablanketi mawili. Asubuhi uji, na muganga alipita kila juma. Nyuma ya majuma matano nilikwenda kumtazama. Sista alinipokea kwa furaha: «Yule mama amezoea upesi. Hasumbui mtu. Hasemi kitu.» Nikamshukuru Mungu, nikaenda kumsalimu.

Alikuwa ameketi karibu na mlango wa lupango. Mzigo wake ulikuwa kando ya miguu, umefungwa ndani ya kitenge. Akaniambia: «Padri, mguu unafaa sasa. Tunaondoka leo?»

Hapo nilifahamu. Kila asubuhi alifunga mzigo wake, akaketi mlangoni. Kila mangaribi aliurudisha chumbani. Hakusumbua mtu, kwa maana msafiri hawasumbui watu wa kituo. Anangoja gari lake tu. Majuma matano alikuwa akiningoja mimi.

Nilimwambia ukweli siku ile, nikamwomba msamaha. Alikataa mkono wangu. Siku mbili hakula. Sista aliogopa, akawaza ya kuwa nimeharibu kazi yao yote. Lakini nawaambia, wandugu, zile siku mbili za hasira zilikuwa mwanzo wa kuzoea kwake. Mbele ya hapo hakuwa na nyumba ya kukubali wala ya kukataa. Siku ya tatu aliomba kitu: kiti chake cha chini, kile alichokalia akipika. Mjukuu alikileta. Masista wakampa maharagi ya kuchagua. Wakamhamishia kitanda kando ya mama mwingine anayesema luga yake.

Sijasikia hata siku moja akisema ya kuwa anafurahi pale, wala sikumwuliza. Lakini katika mwezi wa nne nilipoingia chumbani mwake sikuona tena mzigo. Kile kitenge alikuwa amekivaa.

IV. MFANO WA MTAKATIFU JEANNE JUGAN

Yafaa tumjue mtakatifu mmoja aliyefanya kazi hii mbele yetu. Jeanne Jugan alizaliwa mwaka 1792 Cancale, katika Ufaransa, jamaa ya wavuvi maskini. Alikuwa mtumishi katika nyumba za watu. Mwaka 1839, katika mji wa Saint-Servan, alimpokea mama mzee kipofu, mwenye mwili uliopooza upande mmoja, akamtolea kitanda chake mwenyewe. Kwa kitanda hicho kimoja lilianza shirika la Masista Wadogo wa Maskini.

Tuangalie mambo mawili katika kazi yake. La kwanza: wale wazee walikuwa wamezoea kuomba barabarani. Jeanne aliwauliza ni nani aliyewapa, akachukua kikapu, akaenda yeye kuomba pahali pao. Hakuwaambia: «Tangu leo ninyi si kitu, ngojeni chakula.» Alianza na watu waliowajua na njia walizozipita. La pili: nyumba zao nyingi zilipewa jina la Kifaransa ambalo kwetu ni «Nyumba Yangu». Hawakuandika mlangoni «Nyumba ya Masista». Jina hilo ni katekisimu nzima. Mzee anaalikwa kusema: hapa ni kwangu, ninyi mmekuja kunisaidia.

Na yeye mwenyewe alijua uchungu wa kuwekwa kando. Mwaka 1852 aliondolewa katika kazi ya kukusanya sadaka, akakaa miaka 27 kimya katika nyumba ya shirika, kati ya wanovisi ambao wengi hawakujua ya kuwa ndiye aliyeanzisha kazi hiyo. Alikufa mwaka 1879. Papa Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Aliyewapokea wazee alizeeka naye mahali ambapo wengine waliamua juu yake. Tunaweza kumpa wazee wetu kama mwombezi anayejua hali yao.

V. NAMNA YA KUSAIDIA

1. Aulizwe na aambiwe ukweli. Bwana alipomtangazia Petro ya kuwa katika uzee wake mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka (Yoane 21), hakumficha, wala hakungoja siku ile ifike. Mzee wetu anastahili heshima hiyohiyo. Neno hili lisisemwe na mtoto mdogo wa jamaa, wala na padri peke yake. Aseme yule ambaye mzee anamsikiliza: mdogo wake, mkwe wake wa zamani, rafiki wa rika lake. Waketi chini, waseme bila haraka, warudie siku nyingine. Kama njia inawezekana, aende kwanza kuiona nyumba, ale pale, alale usiku mmoja, arudi kwake. Mwenye kurudi mara moja haogopi sana kwenda mara ya pili. Akikataa, tungoje, isipokuwa uzima wake uko katika hatari. Hata katika hatari tusidanganye. Tuseme: «Hatuna njia nyingine, na tunajua hutaki.»

2. Mambo ya nyumbani yatengenezwe mbele. Mzee hawezi kuzoea pahali papya akiwaza kila usiku: ni nani anayelima shamba langu? Ni nani anayelala katika nyumba yangu? Mbuzi zangu ziko wapi? Waandike karatasi mbele ya washahidi wawili, na mkubwa wa shirika awepo. Mzee asikie ikisomwa katika luga yake. Kuuza lupango lake kwa siri baada ya safari ni wizi, na habari hiyo itamfikia tu, kwa maana habari ya namna hiyo haikosi miguu.

3. Aende na vitu vyake. Watoto wanapenda kumnunulia vitu vipya na kuacha vya zamani kwa sababu vimechakaa. Wanakosea. Kiti cha chini, fimbo, kikombe, rozari iliyofungwa na uzi, picha ya marehemu mume wake: kwa vitu hivi mkono unajua uko wapi hata usiku. Tuwaombe masista nafasi kando ya kitanda kwa ajili yake.

4. Jina na luga. Kuna anayetaka kuitwa Mukaka, mwingine Mukecuru, mwingine Tate, mwingine mama wa fulani. Tumwulize yeye. Kiwanja tunasema luga nyingi, Kinyabwisha, Kinande, Kiswahili, na mtu akizeeka sana mara nyingi anarudi katika luga ya mama yake, hata kama Kiswahili alikijua vema. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, wajane waliosahauliwa katika ugawaji wa chakula walikuwa wale wa luga ya Kigiriki. Mitume hawakusema ni jambo dogo. Waliweka watu saba juu yake. Nasi tutafute katika nyumba ile hata mtu mmoja tu, mpishi ao mlinzi, anayeweza kumsalimu mzee huyu kwa luga yake kila asubuhi.

5. Siku za kwanza. Asikabiziwe kwa watu kumi. Mtu mmoja awe wake. Huyo amwonyeshe choo mchana, kisha amwonyeshe tena usiku kwa taa, kwa maana wazee wengi wanaanguka katika safari hiyo. Chakula kiwe kile anachokijua, bugali, sombe, lenga-lenga, maharagi, kikipondwa kama meno yamekwisha. Tuseme naye usoni, polepole, bila kupiga kelele. Kama akili yake imeanza kupotea, akasema anakwenda kuwapikia watoto ambao wamekwisha kufa, tusishindane naye wala tusimcheke. Tumwulize watoto wale walipenda kula nini, tutembee naye kidogo, na mara nyingi atarudi mwenyewe. Yoshua mwana wa Sira, katika sura ya 3, anaagiza tumvumilie baba hata akipotewa na akili.

6. Apewe kazi. Waswahili wanasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wanalitumia neno hili kumfukuza mgeni. Mimi naliona kama neno la kumkaribisha: mwenye kupewa jembe si mgeni tena. Mzee asiye na kazi anahesabu siku. Kuchagua maharagi, kumenya ndizi, kusuka mikeka, kulisha kuku, kupiga kengele ya sala, kumwongoza kipofu mpaka kanisani, hizi ni kazi za kweli. Tusimpe kazi ya mchezo, kwani ataijua. Na siku akikosa nguvu kabisa, tumpe kazi ya kuombea: jina la mtoto anayengoja Ubatizo, jina la mwanafunzi anayefanya mtihani. Kisha turudi kumwambia ilivyokwenda.

7. Jamaa waje mapema, waje kwa siku inayojulikana. Kuna wanaoshauri jamaa wasionekane mwezi wa kwanza, ili mzee asahau nyumbani. Siwafuati. Mzee hasahau, anahesabu ya kuwa ametupwa. Kweli, atalia wanapoondoka. Machozi ya kuagana ni bora kuliko macho makavu mlangoni. Wasiahidi mengi. «Nitakuja siku ya Mungu ya kwanza ya kila mwezi» yatosha, kama wanakuja kweli. Barabara ikifungwa na vita, wapige telefone, na katekista ao sista aishike sikioni kwake. Na mzee asiye na mtu kabisa, shirika moja la parokia lijiandike kuwa jamaa yake, na majina ya watembeleaji yasomwe kanisani kama majina ya walio na kazi nyingine.

8. Neno la kaburi. Tunaliogopa, na wao wanaliwaza kila siku. Wazee wengi wanaokataa nyumba ya wazee hawaikatai nyumba. Wanakataa kuzikwa kati ya watu wasiowajua. Tumwulize waziwazi: «Siku Mungu akikuita, unataka ulale wapi?» Kama mwili unaweza kurudishwa kwao, tupatane sasa ni nani atakayelipa garama ya gari. Kama haiwezekani, tumwambie, na tumwonyeshe mahali masista wanapozikia na misalaba yenye majina. Nimeona wazee waliolala usingizi mzuri tangu siku ile walipojibiwa neno hili.

VI. KAZI YA PADRI NA YA KATEKISTA

Mbele ya yote tusimwache mzee akatoka parokiani kama mwizi wa usiku. Siku ya Mungu mbele ya safari, jina lake litajwe katika Misa, wakristu wamwage, apewe baraka. Kisha padri amwandikie padri wa kule: huyu ni nani, alibatizwa wapi, alifanya kazi gani katika Kanisa. Wangapi kati ya wazee hawa walikuwa makatekista waliotembea kwa miguu vijiji kumi, na sasa katika nyumba ya wazee hakuna anayelijua hilo!

Juu ya Sakramenti, tuwe wepesi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanoni ya 1004, inaruhusu kumpaka mafuta mwamini anayeanza kuwa katika hatari kwa sababu ya ugonjwa ao ya uzee. Tusingoje pumzi ya mwisho. Kanoni ya 919 inawaruhusu wazee, na wale wanaowatunza, kupokea Komunyo hata kama wamekula kitu katika saa ile iliyotangulia. Na kanoni ya 1252 inaonyesha ya kuwa aliyeanza mwaka wake wa 60 hafungwi tena na sheria ya kufunga chakula. Nimewakuta mama wazee wanaokataa uji siku za Kwaresima huku wakitetemeka. Ni kazi yetu kuwaeleza.

Tangu mwaka 2021, kwa agizo la Papa Fransisko, Kanisa lina siku ya mababu na wazee, siku ya Mungu ya nne ya mwezi wa Julai, karibu na sikukuu ya watakatifu Yoakimu na Anna. Ni vizuri kuimba na kuleta sabuni siku ile. Lakini mzee anayeletewa sabuni mara moja kwa mwaka na watu hamsini ana furaha ndogo kuliko yule anayetembelewa na mtu mmoja kila mwezi.

Tusisahau wale wanaotunza. Sista mmoja na wasaidizi wawili mara nyingi wana wazee kuliko mikono yao. Hapo ndipo kishawishi kinapoingia cha kumpenda mzee anayenyamaza kuliko wengine wote. Tusiwahukumu, maana mimi nami niliupenda ukimya ule. Tuwaulize tu kila mara tunapofika: «Ni nani hapa asiyesema kitu?» Kisha twende kuketi kwake kwanza.

Wandugu waseminari, mtakapokwenda likizo, kila mmoja wenu amtafute mzee mmoja katika parokia yake. Msiende na mafundisho. Mwulizeni alilima wapi, aliolewa mwaka gani, nani alimbatiza, na ni kitu gani alichoacha nyumbani ambacho angependa kuletewa. Mkiweza, mleteeni. Mtajifunza pale mambo ya upadri ambayo mimi nilichelewa kuyajifunza, na yule mzee atajua ya kuwa angali anahesabiwa katika jamaa ya Mungu.